Nano ipo kwenye moshi wa karakana zetu

Mhariri,

Makala yenu ya sayansi ya wiki iliyopita ilisema nano, yaani ufundi wa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ni mambo ya maabara za ng'ambo, sisi huku tusubiri. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mwaka wa 19 huu nipo kwenye mageti na grili za madirisha. Nano tunaitengeneza kila siku, bure, na tunaivuta kwa pua.

Rodi ya kuchomelea ikigusa chuma, chuma hakiyeyuki tu; kingine kinachemka na kuwa mvuke. Mvuke ukikutana na hewa ya baridi unaganda papo hapo kuwa chembe, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100 (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), wakati unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Ndio ule moshi tunaoupepea kwa mkono. Viwandani wanafanya hivyohivyo kwa makusudi: metali inachemshwa ndani ya chumba kilichofungwa, mvuke unapozwa, unga unakusanywa. Wengine husaga kitu kikubwa mpaka kiwe chembe hizo, au hukuza chembe kwenye maji yenye kemikali.

Bomba lenye zinki ndilo baya zaidi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chuma huyeyuka kwenye 1,500 hivi, kwa hiyo chuma hakijalegea zinki imeshapaa, inaungua hewani na kuelea nyeupe kama pamba. Mwaka juzi nilishinda kwenye mabomba ya namna hiyo. Saa nne usiku nikaanza kutetemeka, mdomoni ladha kama nimenyonya sarafu. Kupima malaria, hakuna. Wakubwa wa kazi wakasema kunywa maziwa, nikanywa lita nzima. Maziwa, Mhariri, yanakwenda tumboni. Zile chembe ziko mapafuni.

Makala ileile ikaongeza kwamba hewa tunayovuta imekuwepo vilevile tangu dunia iumbwe. Hapo napo sikubali. Karakanani nina mtungi wa agoni, gesi ya kukinga chuma cha moto kisiguswe na hewa; naitumia kwenye alumini. Anayeniletea alinieleza kuwa inatoka hewani: hewa inapoozwa mpaka iwe kimiminika, kisha agoni inatengwa kwenye nyuzi 186 chini ya sifuri. Ni asilimia 0.93 tu ya hewa, na karibu yote imezaliwa na potasiamu 40, aina ya potasiamu yenye mionzi iliyomo kwenye mawe, ambayo sehemu yake hugeuka agoni taratibu mno. Dunia changa haikuwa nayo kiasi hiki.

Oksijeni nayo ni mgeni. Hewa ya zamani ilitoka kwenye volkano: ilikuwa mvuke wa maji, kaboni dioksidi na nitrojeni. Bakteria wa majini wanaotumia jua ndio walioanza kutoa oksijeni, lakini mwanzoni ilimezwa na chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani ya maji ya bahari kama chumvi, kikapata kutu na kuzama tabaka kwa tabaka. Hewani ilianza kubaki miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Sehemu kubwa ya madini ya chuma yanayochimbwa leo, kama yale ya magharibi mwa Australia, ni tabaka hizo. Yaani nondo ninayoikata huenda ni kutu ya bahari ile, na agoni naifungulia ili oksijeni isiiguse tena alumini yangu ikiwa ya moto. Nikiwaeleza vijana wangu hili wananicheka, wanadhani nimevuta moshi mwingi.

Ombi langu ni moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2017. Andikeni barakoa ipi inazuia chembe hizi na ipi ni pambo. Vijana wangu wawili wanajifunga fulana usoni. Niliwanunulia zenye chujio, wakazivua siku ya pili wakisema zina joto. Gazeti wanalisoma, angalau ukurasa wa michezo. Mkiiweka karibu na hapo wataiona.

Fundi wa kuchomelea,
Mwanza