Mmeiandika Halifax mkaiacha Africville

Ndugu Mhariri,

Nimeanza kulisoma gazeti lenu nikiwa baharia kijana, nakala ikinifikia gatini imechakaa kwa kupita mikononi mwa mabaharia wenzangu, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu majengo mashuhuri ya Halifax, huku Kanada, ndiyo iliyonitoa kimya changu. Ninaishi mji huu mwaka wa ishirini na tatu sasa. Mwandishi wenu amesifu weee, kisha akamalizia kwamba Halifax ni mji usiotupa cha kale. Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Mengi aliyoyaandika ni kweli. Kanisa la Mtakatifu Paulo ni la mwaka 1750, na kipande cha fremu ya dirisha kilichorushwa na mlipuko wa 1917 bado kimekwama ukutani mwake. Nimekiona kwa macho yangu. Saa ya mnara iliyo chini ya ngome ya Citadel inawaonyesha watu wakati tangu 1803. Sheria ya kuzuia ghorofa zisimzibe macho mtu anayetazama bandari akiwa ngomeni ipo tangu 1974. Sawa. Lakini kurasa mbili nzima, picha saba, na jina la Africville, kijiji cha hapahapa kilichovunjwa, halimo hata mara moja?

Mtaa wa Hydrostone ameupa aya ndefu kuliko zote, basi nianzie hapo. Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Kifaransa, Mont-Blanc, iliyosheheni baruti, iligongana na Imo ya Norway kwenye mlango mwembamba wa bandari, ikashika moto na kulipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa, na upande wa kaskazini wa mji ukalala chini. Ndipo zikajengwa nyumba 324 za matofali ya saruji kwa mpango wa Thomas Adams, mpangamiji, zikiwa na maji, mifereji ya majitaka, bustani za miti mbele na vichochoro nyuma. Ni mtaa mzuri, sina neno nao. Ila ukitembea kama nusu saa kutoka hapo kuelekea ghuba ya Bedford Basin, ungelikuta kijiji cha watu weusi ambacho nacho kilipigwa na mlipuko uleule. Hicho ndicho Africville. Hakikuwekewa bomba la maji wakati huo, wala baada ya hapo, mpaka siku kilipovunjwa.

Miaka mitatu iliyopita dada yangu alikuja kunitembelea kutoka Mombasa. Ni mwalimu mstaafu, na hakai na swali moyoni. Nikamkatia tiketi ya basi la watalii pale gatini, nikapanda naye. Tukazungushwa: ngome, bustani, jengo la Bunge la 1819, saa ya ukumbi wa jiji ambayo uso wake wa kaskazini umesimamishwa saa tatu na dakika chache asubuhi kwa kumbukumbu ya mlipuko. Dada akamwuliza kijana anayetuongoza kama tutafika Africville. Kijana akajibu kwa adabu kabisa, "Kule hakuna cha kuona." Basi likageuza. Dada akaniangalia, hakusema kitu.

Kesho yake nikampeleka mwenyewe kwa basi la kawaida, na mwendo uliobaki tukaumaliza kwa miguu. Upande mmoja daraja kubwa, malori yakinguruma juu yake. Upande wa pili winchi za gati la makontena. Na reli imepita katikati. Kuna nyasi zinazoteremka hadi majini, na kanisa dogo la mbao. Siku ile lilikuwa limefungwa. Dada akakipitisha kiganja chake juu ya mbao za ukuta, akazisogelea, akasema, "Mbao hizi mpya. Hili silo lenyewe." Nikamwambia kweli, silo. Hili ni mfano tu, lilifunguliwa 2011. Lenyewe, kanisa la Kibaptisti la Seaview, lilibomolewa usiku, tarehe 20 Novemba 1967. "Na nyumba?" Nikamwonyesha nyasi.

Mhariri, naomba uelewe kilichofanyika pale, maana makala yenu imekipita kama hakikutokea. Watu wa Africville walilipa kodi ya jiji kama wengine. Wakaomba maji, hawakupewa. Wakaomba mfereji wa majitaka, hawakupewa. Walikuwa na kisima chenye kibao cha kuwaonya wachemshe maji kabla ya kunywa. Badala ya huduma wakaletewa reli ikapita katikati ya makazi yao, wakajengewa gereza na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza jirani, na miaka ya 1950 jalala la mji mzima likahamishiwa karibu na milango yao. Halafu jiji hilohilo, baada ya kuwafanyia yote hayo, likasema mahali hapa ni pachafu, hapafai binadamu, pavunjwe! Kiasi cha watu 400 wakaondolewa. Asiyekuwa na hati ya ardhi, hata kama babu yake alizaliwa pale, alipewa dola 500. Vyombo vyao, vitanda, mashuka, vikapakiwa kwenye malori ya taka ya jiji na kupitishwa barabarani watu wakitazama. Nyumba ya mwisho iliangushwa mwanzoni mwa 1970. Meya aliomba radhi hadharani mwaka 2010, miaka arobaini baadaye. Kama mji uliofanya haya unaitwa mji usiotupa cha kale, basi mwandishi wenu ahesabu upya vya kale.

Tena miaka hiyohiyo jiji lilitaka kupitisha barabara kuu ufukweni na kuyabomoa maghala ya mawe ya wafanyabiashara wa zamani. Watu wenye sauti wakapiga kelele, barabara ikasitishwa, maghala yakapona. Ndiyo hayo mliyoyaweka ukurasa wa kwanza, yakiwa na meza za mikahawa mbele. Nafurahi kwamba yapo. Ila msiseme yalipona kwa sababu mji unapenda vya kale, wakati kanisa la mbao lililo upande wa pili wa rasi hiyohiyo lilikuwa likipigwa tingatinga gizani.

Na maktaba je? Mmeisifu maktaba mpya ya 2014, ile iliyofanana na vitabu vilivyopangwa kishaghalabaghala, na kweli ukikaa ghorofa ya tano unaiona bandari. Mbona hamkusema kwamba maktaba ya zamani, iliyofunguliwa 1951 kuwakumbuka waliokufa vitani, ipo hatua chache tu ng'ambo ya barabara? Ilifungwa mwaka huohuo wa 2014, na mara ya mwisho nilipopita milango ilikuwa bado imefungwa. Mwanangu alijifunza kusoma mle. Jioni tulikuwa tunakaa kwenye ukuta wa nje na chipsi zetu, njiwa wakitugombania miguuni. Jengo la kumbukumbu ya wafu limeachwa tupu, nanyi mwapiga picha jengo la jirani yake!

Ninachotaka si maneno ya kuomba radhi pembeni ya ukurasa wa nne. Picha yenu ya saa ya mnara nimeipima kwa rula: upana sentimita kumi na nne na nusu. Chapisheni picha ya kanisa la Seaview kwa upana huohuo, ukurasa uleule, Jumapili, si siku nyingine. Chini yake iandikwe 20 Novemba 1967, na neno "usiku" lisikose. Mwandishi wenu akija tena, anitafute. Nitampeleka kwa gharama yangu, asubuhi, kabla upepo wa Basin haujaanza. Dada yangu nimeshamwambia asikose gazeti lenu la Jumapili mbili zijazo.

Baharia mstaafu,
Halifax, Nova Scotia