Taarifa ya mwenyekiti: mwaka huu mpunga pori ndio umetumaliza

Wanachama wenzangu wa skimu yetu ya umwagiliaji, poleni na mavuno. Mambo ya hela atawasomea mweka hazina, mimi naongeza tu kwamba faini za kutohudhuria vikao bado wengi mnadaiwa na mnajijua. Nataka tuongelee mpunga pori, lile gugu linalofanana na mpunga wetu, maana msimu huu umetufanya vibaya, hasa majaruba, vile vishamba vya mpunga vyenye kingo, ya mwisho wa mfereji.

Kiukweli tumejipandia wenyewe. Hebu ng'oa shina moja taratibu uone, chini kuna mzizi mweupe unaotambaa, una vifundo kama muwa na kila kifundo kina jicho, sasa sisi tukishafungulia maji tunaingiza pawatila, ile trekta ndogo ya mkono, inaukatakata na kuusambaza jaruba zima na kila kipande kinaota, huku tunasifia shamba limelainika! Ukiwa mdogo huutofautishi na Saro, mbegu yetu ya mpunga, utaujua ukishatoa zile ndevu ndefu, na punje zake zinapukutika kabla hujashika mundu. Na nyie mliopiga dawa ya magugu ya 2,4-D mkakaa kusubiri, ile ni ya majani mapana na jamii ya ndago, huu nao ni mpunga, hauguswi.

Mimi mwaka jana nilipovuna tu nikalimisha jaruba la juu kwa trekta la disku ardhi ikiwa kavu, mizizi ikalala juu, na jua la Usangu mnalijua, baada ya wiki tatu nikarudia. Mvua za kwanza zikachipusha iliyobaki, nikaiacha kwanza iwe na majani ya kutosha ndio nikapiga glifosati, dawa ya kuua magugu, kwa sababu dawa inapita kwenye majani kwenda mizizini, ukipiga kichipukizi chenye majani mawili umetupa hela. Siku kumi baadaye nikachavanga, yaani nikavuruga udongo na maji uwe tope la kupandia. Haukuisha, nisiwadanganye, ila palizi ilichukua watu wawili siku mbili, msimu wa nyuma yake ilikuwa wiki nzima.

Kosa nililolifanya mwaka juzi, na najua wengi bado mnalifanya: nilichota maji ya mfereji yana tope nikachanganyia dawa. Glifosati inashikana na udongo, yaani inafia humo humo kwenye bomba la kupulizia, halafu nikaenda kumgombeza muuza duka wa watu. Chota maji safi ya kisima. Na bomba usilioshee mferejini jamani, ng'ombe na watoto wako pale.

Kupanda kwa mstari, sentimita 20 kwa 20, wengine bado mnasema ni kazi ya kuchosha, sawa, ila kinachoota katikati ya mistari hakina mjadala, unang'oa.

Kingo za mfereji ndio hazina mwenyewe na ndiko mpunga pori umejificha, kila mwaka unarudi kutokea huko. Kamati imeamua msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha kingo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, kabla maji hayajafunguliwa, na pawatila ya kukodi kutoka skimu nyingine ioshwe matope barabarani kabla haijashuka shambani. Kila mtu aje na jembe lake, mwaka jana mlikuja kumi na mbili mkaniazima langu.