Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Kabla ya kulaumu ini, pimeni msuli

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Ujiji. Kaka yangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Alipofika miaka 34 ngazi zikaanza kumshinda, kisha wavu. Mtazame akinyanyuka mkekani baada ya swala: anashika magoti, anapandisha mikono mapajani, anajipanda mwenyewe kama mtu anayepanda mchikichi.

Tulihangaika miaka sita. Mara baridi yabisi, mara mgongo. Mtaani wakasema karogwa. Hospitali moja ikapima ini, vimeng'enya viitwavyo AST na ALT vikawa juu, akaambiwa aache pombe. Huyu ambaye pombe hajawahi hata kuinusa! Kumbe vimeng'enya hivyo havitoki kwenye ini peke yake. Msuli unaoharibika nao huvimwaga kwenye damu.

Hayo tuliyajulia Dar es Salaam, tulikokwenda kwa treni. Daktari alimwambia akae sakafuni, asimame. Basi. Ndipo akaagiza CK, kipimo cha damu cha kimeng'enya kinachovuja msuli ukiharibika. Kwa kawaida huwa chini au karibu ya 200. Yake ilisoma 1,600. Akamlaza chali, pumzi zikambana. Kumbe misuli ya kupumua nayo imedhoofika; tukaelewa kwa nini analalia mito mitatu na kuamka kichwa kinamgonga.

Wazazi wetu walikuwa wazima, kwa hiyo neno kurithi halikumjia mtu akilini. Lakini baba na mama wanaweza kubeba kila mmoja nakala moja mbovu ya jeni bila kuumwa chochote; mtoto akirithi zote mbili, ndiye anayeugua.

Siombi mashine ya jeni. Naomba waganga wetu waelekezwe hivi: mtu mzima akidhoofika nyonga na mabega, macho si ya njano, na vipimo vya ini viko juu, apimwe CK. Tena ugonjwa wa Pompe, mmoja wa magonjwa haya ya msuli ya kurithi, una dawa tangu 2006 (bei yake tuiache kwanza), na huchunguzwa kwa tone la damu lililokaushiwa kwenye karatasi. Wauguzi wetu wanaijua kazi hiyo: ndivyo wanavyochukua damu ya kisigino ya watoto wa mama wenye VVU na kuisafirisha maabara za mbali. Kwa nini njia hiyo hiyo isibebe na damu ya kaka yangu?

Juzi nilimwona mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 29, akinyanyuka mkekani kwa kushika mapaja. Nimpeleke wapi kwanza?

Mkazi wa Ujiji