Kabla ya kununua kengele, tafuta atakayeitika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie hoja iliyoletwa na makala yenu kuhusu kengele za kuvaa, zile za mkononi au shingoni, ambazo mgonjwa au mzee huzibonyeza akipatwa na dharura. Makala ilizisifu sana, nami sipingi sifa hizo. Ila mimi ni muuguzi wa wodi ya wazee, zamu zangu nyingi ni za usiku, na wanaofika mikononi mwangu ni wale ambao kengele walikuwa nayo na haikuwafaa kitu. Kuna jambo mwandishi wenu alilipita mbio: kengele ikilia, nani anaitika?

Tuanze na hatari yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la waliovuka miaka 60. Watu wakisikia hivyo hufikiria nyonga iliyovunjika au kichwa kilichogonga ukuta. Sisi wodini tunaogopa pia saa zinazofuata. Mtu aliyelala sakafuni bila kuweza kujigeuza, misuli iliyobanwa na uzito wa mwili wake huanza kufa. Taka za misuli hiyo huingia kwenye damu na kuzielemea figo. Ngozi ya nyonga na kisigino huchubuka na kuwa kidonda, mwili unapoteza joto na maji, mapafu yanakaribisha nimonia. Mtu ambaye angeinuliwa mapema akapewa dawa ya maumivu na pole, sasa anapigania uhai.

Bibi mmoja aliletwa kwetu asubuhi akiwa amelala usiku kucha kwenye sakafu ya bafu. Shavuni alikuwa na alama ya mstari wa vigae, umenyooka kabisa kama rula. Kengele yake ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha kulala, hatua chache kutoka pale alipoanguka. Binti yake alikuwa akilia na kumuuliza, "Mama, si tulikununulia ile kengele?" Yule bibi akajibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hata ningekuwa nayo, ningemwamsha nani saa zile? Nilijua kutakucha."

Jibu hilo nimelisikia kwa wengi, na si la wagonjwa wangu peke yao. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Cambridge, Uingereza, kwa watu waliozidi miaka 90. Kengele za kuita msaada zilikuwepo majumbani mwa wengi, lakini wengi wa walioanguka wakashindwa kuinuka hawakuzitumia. Kifaa kilikuwepo, tatizo halikuwa hilo.

Wazee hawabonyezi kwa sababu hawataki kusumbua watu. Wengine wanaona aibu ya kukutwa bila nguo bafuni, wengine wanaogopa kwamba wakiita mara mbili tatu watahamishwa nyumbani kwao. Kuna pia wanaoivua usiku kwa sababu kengele iliyomo ndani ya saa ya kisasa inahitaji chaji, na usiku ndipo wanapoamka kwenda msalani gizani. Hili la chaji dawa yake ni rahisi: kifaa kichajiwe mchana, mzee akiwa ameketi na watu, kisha kirudi mkononi kabla ya kulala. Bafuni nako kisivuliwe. Mnapokinunua angalieni alama ya IPX7, maana yake kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, hivyo maji ya kuoga hayatakiua. Aibu na hofu zinataka kazi zaidi, na duka haliuzi dawa yake.

Wauzaji hujibu kwamba vifaa vya siku hizi vinatambua vyenyewe mtu akianguka. Ni kweli kwa kiasi. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo kinachosubiri mambo matatu yafuatane: mwili kushuka ghafla, kishindo, halafu utulivu. Saa ya Apple, kwa mfano, imekuwa na uwezo huo tangu 2018, na mtu asiposogea kwa takriban dakika moja inapiga simu ya dharura. Lakini mgonjwa dhaifu mara nyingi haanguki hivyo. Anateleza kutoka kitini polepole, magoti yanakunjika, anashikilia shuka ya kitanda mpaka anakaa chini. Hakuna kishindo, na kifaa hakina habari. Kwa hiyo kitufe bado ndicho tegemeo, na kitufe kinataka mkono ulio tayari kukibonyeza.

Andrew Dibner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha huduma ya kengele za dharura ya Lifeline mwaka 1974, tangu mwanzo alihakikisha kuwa ng'ambo ya kitufe yupo mtu anayeitika. Leo familia nyingi hununua saa, zinaandika namba ya mtoto mmoja anayeishi mji mwingine na anayezima simu akilala, kisha zinaona kazi imekwisha. Mimi nikiulizwa na ndugu wa mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, naomba majina matatu, na angalau mmoja wao awe jirani mwenye ufunguo wa mlango. Halafu namwambia mzee abonyeze pale pale, mbele yetu, asikie sauti ikimwitikia. Nyumbani warudie kila mwezi. Mzee aliyekwisha kubonyeza siku ya amani, akaitikiwa vizuri bila mtu kununa, ndiye atakayebonyeza siku ya shida. Kwangu mimi jaribio hilo lina thamani kuliko teknolojia yote iliyomo ndani ya saa.

Hata hospitalini, ambako watu wa kuitika wapo, kengele inaweza kukosa mwitikaji, kwa sababu ya wingi wa kelele. Taasisi ya Marekani inayokagua hospitali, Joint Commission, ilitoa onyo mwaka 2013 baada ya kupokea taarifa za matukio 98 mazito yaliyohusu kengele za mashine za kitabibu, zile zinazolia zenyewe kuwaita wauguzi, kati ya Januari 2009 na Juni 2012. Wagonjwa 80 kati ya hao walifariki. Onyo hilo lilieleza kuwa kati ya asilimia 85 na 99 ya milio ya kengele hizo haihitaji hatua yoyote ya kitabibu. Mtu aliyesikia mlio wa bure tangu zamu ianze, masikio yake huchoka hata kama moyo wake haujachoka. Tiba yake ni kumpangia kila mgonjwa viwango vyake ambavyo mashine ikivipita ndipo ilie. Chukua mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye daktari ametaka oksijeni ya damu yake ibaki kati ya asilimia 88 na 92. Akifungwa kifaa kilichotoka kiwandani kimepangwa kulia chini ya 90, kitalia usiku kucha ilhali mgonjwa yuko pale pale daktari anapomtaka. Kubadilisha kiwango hicho ni kazi ya dakika chache mwanzoni mwa zamu, kwa maelekezo ya daktari, na inaokoa masikio ya wodi nzima.

Na kwa kuwa nimetaja oksijeni, sisi wenye ngozi nyeusi tuwe macho zaidi. Kipimo cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa kikinyamaza huku mgonjwa anahema kwa shida na midomo imebadilika rangi, mwamini mgonjwa.

Makala iligusa pia usalama wa watu wanaofanya kazi peke yao, nami nashukuru, maana wauguzi tumo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupata kipigo wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Anayetembea barabarani usiku anafaidika na king'ora kikali kinachogeuza vichwa vya watu. Aliyefungiwa chumba kimoja na mtu aliyepandwa na hasira anahitaji kitufe kisicho na sauti, kinachowaambia wenzake yuko chumba gani, kwa sababu kelele inaweza kuzidisha ghadhabu. Kitufe kikivaliwa shingoni, kamba yake lazima iwe ya kuachia ikivutwa, la sivyo ni silaha uliyombebea adui. Na wenzake wawe wamekubaliana mapema nani anakimbilia, nani anapiga simu. Nimefanya kazi mahali ambapo vitufe viligawiwa kwa sherehe na makubaliano hayo hayakufanyika kamwe. Tuliobaki navyo mfukoni hatukujisikia salama hata kidogo.

Naomba basi mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii awabane wauzaji. Tangu kubonyeza hadi kusikia sauti ya binadamu inapita muda gani? Mtandao wa simu ukikatika, au umeme ukizimika nyumbani, kifaa kinafanya nini? Betri ikikaribia kuisha anaarifiwa nani, mzee mwenyewe asiyeona vizuri au mtu mwingine? Majibu yao yachapishwe ukurasa ule ule wenye picha za saa zenyewe.

Muuguzi, wodi ya wazee