Barua ya wazi: Mmetuwekea karabai mwambani

Mheshimiwa Mkurugenzi unayehusika na taa za bahari,

Salamu kutoka Tanga. Barua zetu zilizotangulia, kuhusu taa ya mwambani iliyozimika, zilijibiwa kwamba "suala linashughulikiwa", na kweli limeshughulikiwa: kwenye mlingoti wa mwambani sasa kuna taa nyeupe inayowaka mfululizo. Juzi usiku mashua imepanda mwamba, mkuku ukapasuka. Nahodha aliiona taa vizuri kabisa. Alidhani ni watu wa dagaa.

Mheshimiwa, taa ya bahari hutambulika kwa namna inavyowaka na kuzima. Rangi, idadi ya mimweko na sekunde za kila mzunguko huandikwa kwenye ramani za bahari. Mwezi ukiwa haupo, ghuba hujaa karabai na taa za sola za wavuvi wa dagaa. Isiyopepesa huhesabiwa pamoja nazo.

Si kwamba tunadai mageni. Wajerumani walijenga mnara wa taa kisiwani Ulenge kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1912 Gustaf Dalén wa Uswidi alipewa Nobeli ya Fizikia kwa vali inayozima taa ya gesi kukicha na kuiwasha kukichwa, bila mlinzi. Sisi tunaambiwa vifaa havijafika.

Taa ya zamani nayo, tunavyoona, iliuawa na paneli yake ya sola kulazwa bapa. Mavi ya ndege yakagandana juu yake, chaji ikapungua. Betri ya asidi ya volti 12 ikipumzika huku imejaa husoma kama 12.7, ikiachwa wiki nzima chini ya 12, sahani zake za madini ya risasi huota ukoko wa salfeti na haishiki chaji tena. Kubadilisha betri peke yake ni kutupa pesa. Iinamisheni paneli nyuzi 15 kuelekea kaskazini, mvua iioshe. Wekeni miiba ya kuzuia ndege. Vichwa vya betri vipakwe grisi. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya kusi haina huruma.

Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo jirani. Meli ya mafuta ikikalia matumbawe, hakuna fundi wa mashua wa kuitwa.

Turudishieni taa inayopepesa kama ramani inavyosema. Ikishindikana wiki hii, basi hiyo iliyopo izimeni, na mtoe tangazo kwa mabaharia kwamba mwamba hauna taa. Izimeni, Mheshimiwa, leo kabla ya magharibi.

Wako,
Manahodha na mafundi wa mashua, Tanga