Tuhesabu koki, si malori

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila maafa yanapotokea, picha inayotangulia magazetini ni ya lori lililosheheni magunia, na mbele yake mtu mwenye fulana ya shirika akikabidhi blanketi. Blanketi lina kazi yake. Ila anayetaka kujua kama mashirika wabia, yaani yale yanayogawana kazi ya misaada, yanawasaidia kweli watu waliokimbia mafuriko, tetemeko au vita, lori halitamwambia kitu. Aende kwenye koki ya maji, na saa mkononi.

Miongozo ya Sphere, ambayo mashirika mengi ya misaada huitumia kama kipimo chao, inataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na koki moja isihudumie zaidi ya watu 250. Chukua kambi ya watu 4,000: ni lita 60,000 kwa siku, yaani safari sita za boza la lita 10,000, na koki 16. Koki inayotoa lita 7.5 kwa dakika hujaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili na sekunde 40. Ili watu 250 wapate mgao wao, koki hiyo itiririke saa nane na dakika 20 bila kufungwa. Presha ikishuka hadi koki itoe nusu tu ya maji hayo kwa dakika, kwa kuwa tangi limewekwa chini mno au bomba jembamba limebebeshwa koki nyingi, saa hizo zinavuka 16. Hapo ndipo utakuta madumu yamepangwa foleni tangu usiku, watoto wameacha masomo kuyalinda, na waliochoka kusubiri wameteremka mtoni. Kwenye ripoti, koki bado ni 16.

Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, nayo ina mambo yake. Maji yanapotoka kwenye koki yanatakiwa yawe na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini iliyosalia kwa kila lita, na dawa iwe imekaa ndani ya maji angalau nusu saa. Maji ya tope huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu, kwa hiyo sharti yatuamishwe kwanza kwa shabu. Kosa linalojirudia ni kupima kwenye tangi peke yake. Dumu lenye utando wa kijani kwa ndani hula klorini yote kabla jua halijazama, na familia inaendelea kunywa ikiamini maji yametibiwa. Mpimaji abishe hodi kwenye hema, aombe maji ya kwenye ndoo, ayamimine kwenye kichupa na kutumbukiza kidonge cha kupimia klorini. Yakigeuka pinki, klorini ipo. Yakibaki yalivyo, kesho yake watu wakusanywe wasugue madumu kwa kokoto na sabuni. Kila kaya pia inahitaji vyombo viwili, kimoja cha kutekea na kingine cha kuhifadhia, chenye mfuniko.

Vyoo nitavisemea kwa ufupi: mwanzoni tundu moja kwa watu 50, kisha idadi ishuke hadi watu 20, na kwa kila tundu moja la wanaume yawepo matatu ya wanawake. Choo kisicho na komeo la ndani wala taa, mwanamke hakiendei usiku, hata kikijengwa kwa zege.

Kwa nini haya yanakosewa na wataalamu wapo? Mara nyingi ni namna kazi inavyogawanywa. Tangu 2005 misaada ya kimataifa hupangwa kwa makundi yenye viongozi: UNICEF inaongoza maji na usafi, WHO afya, uratibu wa kambi uko kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, penye vita na kwa IOM, shirika la uhamiaji, penye maafa ya asili. Kwenye karatasi mpango unaeleweka. Chini yake, mbia mmoja amepewa fedha za kuchimba vyoo, mwingine za kuleta maji, na hakuna aliyetengewa za kunyonya mashimo yakijaa. Mkataba wa miezi mitatu unakwisha. Pampu ipo, jenereta ipo, dizeli haipo. Asasi ndogo ya wenyeji, ambayo haitaondoka, ndiyo inayoachiwa funguo bila bajeti.

Orodha ya mgao ina kasoro yake pia. Kadi ya kaya ikiandikwa jina la mume tu, siku akiondoka kutafuta kazi mke anarudi na gunia tupu. Majina ya watu wazima wote yaandikwe kwenye kadi, na wazee na wenye ulemavu wawe na mtu waliyemchagua wenyewe wa kuwachukulia.

Wasomaji wenye nia njema nawaomba wasitume maziwa ya unga ya watoto wachanga. Yanahitaji maji safi, moto na chupa iliyochemshwa, vitu ambavyo ndivyo hasa vimekosekana, na mtoto anaishia kuharisha.

Mwandishi wako akienda tena kambini, Mhariri, ampite msemaji wa shirika, aende kwa mlinzi wa pampu amuulize: dizeli ya mwezi ujao inalipwa na nani?

Msomaji wako,
Mhudumu wa maji na usafi katika dharura