Dada, usikitupe kile kitambaa

Dada, shikamoo.

Simu hupokei. Ujumbe unasoma, alama zinageuka bluu, halafu kimya. Basi naandika hapa, mbele ya watu, kwa kuwa najua mwanao husoma na atakusomea. Ndiye aliyenipigia picha ya kitambaa cha meza nilichomfumia mama. Ameniambia kiko stoo, ndani ya ndoo, pamoja na matambara ya kufutia baiskeli, na kwamba umesema siku ya kufagia utakitia moto chote. Usikichome. Kinatengenezeka.

Nimeikuza ile picha mpaka nikahesabu vitanzi. Miraba miwili imeungua kabisa, na wa tatu umeungua kona moja. Miraba mingine 77 ni mizima, ina masizi na mafuta tu.

Kabla hujakigusa kwa maji, kikung'ute nje, polepole, masizi yaanguke yakiwa makavu. Ukisugua, masizi yanaingia ndani ya uzi na hapo hayatoki tena. Halafu chukua sindano ya kushonea na uzi mweupe, upitishe ndani ya vitanzi vizima vinavyozunguka tundu, duara zima, kama unavyopitisha kamba kwenye mdomo wa mfuko, ila usivute. Kazi yake ni kuvishika vitanzi visije vikafumuka majini. Uzi mwekundu usithubutu, utachuja rangi na hapo hatutakuwa na la kufanya. Palipo na mafuta ya sufuria paka sabuni ya kuoshea vyombo, acha nusu saa. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kilale humo usiku kucha. Kukamua usisokote: kiviringishe ndani ya taulo, taulo ulikanyage. Na jiki usitie, hata kifuniko kimoja. Uzi uliopitiwa na moto umeshachoka, jiki itaumaliza, na wiki mbili baadaye utaona matundu mapya mahali ambapo moto haukufika.

Ukimaliza kufua, kigeuze. Miraba yote niliiunga kwa nyuma, kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi. Kwa hiyo huna sababu ya kupitisha mkasi kwenye mraba wowote. Tafuta uzi wa kuungia, ukate huo peke yake kila baada ya vitanzi vitatu, uchomoe vipandevipande kwa kibanio cha nyusi. Ile miwili iliyoungua itatoka yenyewe. Wa tatu nao ufungue kwenye maungio, ila usiutupe. Mraba wa namna hii hufumwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo hufumuliwa kutoka nje kurudi ndani. Fumua mzunguko wa kumi, wa tisa, pengine wa nane, uzi utakatikakatika mkononi kwa sababu umeungua, usihofu, endelea mpaka ufike mahali uzi ukiuvuta haukatiki. Hapo ndipo utakapounga uzi mpya.

Uzi ni wa pamba namba 10, sindano ya kufumia ya milimita 1.5. Ukienda dukani usikubali maneno ya muuzaji. Omba kipande cha urefu wa kidole, kiwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa plastiki unayeyuka, unajikunja, unaacha shanga ngumu nyeusi. Hapa Majengo, Dodoma, nimeuziwa wa plastiki mara mbili kwa bei ya pamba, ndipo nikaanza kutembea na kiberiti kwenye mkoba. Kitambaa kizima kilikula madonge manane ya gramu 50. Kwa kazi yako wewe donge moja linatosha na linabaki, maana mraba mmoja unakula kama mita 25.

Mraba wenyewe ni rahisi, mama aliujua kwa kuutazama tu. Mnyororo wa vitanzi 6, funga duara. Ndani ya duara fuma nguzo tatu kisha mnyororo wa vitanzi viwili, rudia mpaka pande zitimie nne. (Nguzo, kwa wanaosoma na hawafumi, ni ule mshono ambao uzi unazungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza.) Kuanzia mzunguko wa pili, juu ya kila nguzo weka nguzo moja, na kwenye kila kona weka nguzo mbili, vitanzi viwili, nguzo mbili. Basi. Kila upande unaongezeka nguzo nne kila mzunguko: 3, 7, 11, 15, na kuendelea. Mzunguko wa kumi kila upande una nguzo 39, na mraba unafika sentimita 12. Ukihesabu ukapata 38, usijidanganye kwamba haitaonekana. Umeruka nguzo ya kwanza baada ya kona, ndiyo inayojificha chini ya kitanzi cha kona, kila anayejifunza huiruka. Fumua mzunguko mmoja.

Sasa nisikilize kuhusu mkono wako, Dada, maana naujua. Utaanza kwa nguvu. Mizunguko mitatu ya kwanza utaikaza kama unafunga mzigo wa kuni, ikifika wa sita vidole vimechoka, uzi unalegea, na mraba unainuka katikati kama kofia. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukikimbia. Ulikuwa na mapafu kuliko msichana yeyote wilayani, mimi nilikuwa nashika saa tu kwenye nyasi za uwanja wa shule, na saa haikuwa na chuki na wewe. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Ukienda kila mzunguko kwa sekunde 78 unamaliza kwa dakika 4 na sekunde 52 na nusu, na mwaka ule hakuna ambaye angekugusa. Lakini wewe ulishaambiwa habari za Filbert Bayi, yule mkimbiaji wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, 3:32.2, rekodi ya dunia, ameongoza kutoka mlio wa bastola mpaka kamba, Walker wa New Zealand nyuma yake, Jipcho, Mkenya wetu, wa tatu. Nyumba nzima ilimlilia Jipcho, aliyekuwa ameshachukua dhahabu mbili kwenye michezo ileile, mimi peke yangu nikampigia makofi Mtanzania, na ukasema nitaolewa hukohuko. Halafu wewe uliyemlilia Jipcho ndiye ukaiga mbio za Bayi. Mzunguko wa kwanza sekunde 70. Wa tatu ulikuwa unakimbia huku unaangalia nyuma.

Bayi hakuanza kwa hasira. Alianza kwa mwendo alioufanyia mazoezi na aliojua anaweza kuubeba. Ikangaa naye, mzaliwa wa hapa Dodoma, alikuwa mtu wa kuongoza mbele, na mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa 2:08:01. Umenitania miaka mingapi kwa ile Boston ya 1988, Mkenya Ibrahim Hussein kampita kwa sekunde moja tu? Nilikuachia utani huo kwa sababu ulikuwa mtamu.

Kwa hiyo shika uzi hivi: uzungushe mara moja kwenye kidole kidogo, upite chini ya viwili vya kati, juu ya cha shahada. Uzi ukikaza, legeza kidole kidogo, si sindano. Fuma dakika ishirini, weka chini, kunjua vidole, inuka utembee mpaka getini urudi. Ndivyo ninavyoishi hapa, na ndicho kinachonifanya niweze kushika kikombe asubuhi bila maumivu. Natembea alfajiri kabla ya upepo, nikirudi nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, maana vumbi jekundu la Dodoma likiingia kwenye uzi mweupe linageuka rangi ya chai. Julai na Agosti uzi mweupe siugusi kabisa, upepo hauniachii, hapo ni nyuzi za kahawia na kudarizi mashuka ndani, dirisha limefungwa. Hewa ni kavu, vidole vinapasuka, ngozi inakwaruza uzi. Ukipaka mafuta unatia doa. Paka glisirini usiku, asubuhi unanawa. Mvua za kwanza zimenyesha juzi, vumbi limelala, na leo nimetoa uzi mweupe kabatini.

Najua utasema: ndiyo hayo, maisha ya mtu anayenawa mikono kwa ajili ya uzi.

Ulishasema. Ulisema siku ya matanga, saa ambayo wapishi walikuwa wanatafuta cha kuepulia sufuria ya pilau. Kulikuwa na magunia, kulikuwa na majani ya mgomba, kulikuwa na kanga yangu mimi niliyoivua begani nikakunyooshea. Ukaipita kanga. Ukaingia ndani, ukarudi na kitambaa cha meza ya mama, ukakikunja mara nne, ukaishika sufuria, na ncha yake ukaiona ikiingia kwenye makaa. Uliiona, Dada. Shangazi alipopiga kelele ukasema, na watu wote wakasikia, "Kiungue. Kazi ya mikono ambayo haikumwosha mgonjwa."

Sikujibu kwa sababu mama alikuwa hajatimiza siku tatu kaburini. Leo najibu.

Kutoka hapa mpaka nyumbani ni Kondoa, Babati, Arusha, Moshi, Holili, Taveta, Mwatate, ndipo Voi. Ni siku mbili kwa mtu wa umri wangu. Mwaka wa mwisho wa mama nimeipita njia hiyo mara nne. Mara ya tatu nilikaa wiki tano na nilimwosha, asubuhi na jioni, ukiwa hospitali na goti lako. Hukuuliza nani alimwosha. Dawa za macho zilitoka hapa. Godoro lililomzuia vidonda lilitoka hapa, na lilinunuliwa na hivyo vitambaa, maana vitambaa vya makochi seti moja ya kochi la watu watano ndivyo vinavyolipa mambo mengi katika nyumba hii tangu nistaafu. Kustaafu ugenini si kukaa kivulini kula zabibu. Kibali cha ukaazi kinalipiwa. Mume wangu amezikwa huku, na kaburi linahitaji mtu wa kulipalilia. Ningerudi nyumbani nije kukaa wapi, kwenye chumba ambacho ulishakipangisha? Na hilo sikulisema mbele ya watu mpaka leo.

Samahani. Nimelisema mbele ya watu.

Lakini wewe ndiye uliyebaki. Hilo nalijua kuliko unavyodhani. Usiku wa saa nane mama akiita, aliita jina lako, na godoro haliwezi kumgeuza mtu lenyewe. Mimi nilimwosha wiki tano, wewe miaka sita. Ukinijibu hivyo sina neno.

Septemba 2025 nilikuandikia. Jumapili, Tokyo, Jepchirchir kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa kumpita Mwethiopia mwishoni kabisa, Jumatatu Simbu wa Singida, jirani yangu hapa, naye kachukua ya wanaume, 2:09:48, yeye na Mjerumani wakiingia pamoja mpaka ikabidi picha iamue. Mkenya jana, Mtanzania leo! Tangu tuzaliwe hatujapata siku mbili kama zile. Miaka yote tukigombana, mbio ndizo zilizokuwa zinatupatanisha, mmoja anatuma jina la mshindi tu, mwingine anajibu. Nilituma majina mawili. Alama zikageuka bluu.

Turudi kwenye kitambaa. Uzi mpya utang'aa kuliko wa zamani. Chemsha chai ya rangi nyepesi, mfuko mmoja kwa lita moja, ichuje, iache ipoe iwe vuguvugu, loweka miraba mipya dakika tano, suuza, kausha, linganisha mchana kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa. Bado nyeupe, rudia. Usiache nusu saa ukidhani unaokoa muda, maana rangi ya chai ikishika haina kurudi nyuma. Kuunga, tumia uzi uleule uliotiwa chai, kwa nyuma, kitanzi kwa kitanzi, ukianzia kona ili pande zisipishane. Mwisho wanga: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye nusu lita ya maji baridi, koroga, chemsha mpaka uwe kama maji ya kioo, chovya, kitandaze juu ya godoro lenye shuka safi, ukibane kwa pini zisizoshika kutu, kona kwanza, halafu katikati ya kila upande. Usikihifadhi na wanga, mende wanaupenda. Tia wanga siku unayokitandika mezani.

Kama hutaki kufuma, mimi nitaifuma hiyo miraba miwili hapa, mwanao aichukue akija kwenye likizo. Ila siwezi kuanza bila kitu kimoja. Nilipoifuma ilikuwa sentimita 12, lakini mama amekifua miaka kumi na moja, na pamba hurudi. Mraba wa sentimita 12 leo utazidi, na kitambaa kitakunjamana pale pale kwenye kovu.

Chukua rula. Pima miraba mitatu iliyo mizima, mmoja wa katikati na miwili ya pembeni, kutoka kona hadi kona ya upande mmoja, bila kuivuta. Niandikie hizo namba tatu. Si lazima uandike kitu kingine.